Ghala la Ngano Lililopokea Cherehani na Kompyuta

Msomaji, katika stesheni nyingi za reli ya nchi yetu hapakosi jengo refu lenye mlango mpana na jukwaa la kupakulia, ambamo magunia ya mahindi, kahawa na chumvi yalikuwa yakiingia na kutoka. Watu hulipita bila kuligeukia. Waandishi wa historia nao hupenda ikulu, makanisa, misikiti na ngome, na banda la mizigo hawalitaji. Mimi naona upungufu katika desturi hiyo, maana ukitaka kujua mji ulikula nini, na ni nani walioubebea chakula hicho, ngome haitakuambia neno. Kwa hiyo nataka nikusimulie habari za banda moja la mizigo lililo mbali nasi, katika mji wa London. Lilizaliwa ghala la ngano, likazeeka likawa gofu, kisha likawa chuo wanamojifunza vijana wabunio mavazi na wachorao picha kwa kompyuta.

Watu wa London walipohesabiwa katika mwaka wa 1851 walionekana kuwa zaidi ya milioni 2. Fikiri, msomaji, mikate mingapi ililiwa kila asubuhi katika mji wa namna hiyo! Mashamba ya ngano hayakuwamo mjini. Yalikuwa mbali, na baadhi ya yaliyo bora yalikuwa katika jimbo la Lincolnshire, upande wa mashariki ya Uingereza, ambako nchi ni tambarare na udongo ni mnono. Zamani ngano hiyo ilisafiri kwa jahazi pwani kwa pwani, au kwa mikokoteni iliyokokotwa na farasi katika barabara za matope. Mwaka wa 1846 Bunge la Uingereza likatoa idhini iundwe kampuni ya reli iitwayo Great Northern, na mwaka wa 1850 magari yake yakaanza kufika London.

Mahali kampuni ilipochagua kuteremshia mizigo yake hapakuwa mahali pa fahari. Palikuwa kaskazini ya mji, mtaa wa tanuri za matofali, majaa ya taka na kiwanda cha gesi. Jina lake King's Cross lilitokana na mnara wa ukumbusho wa Mfalme George wa Nne, uliosimamishwa katika miaka ya 1830. Watu hawakuupenda mnara huo hata kidogo, ukabomolewa mwaka wa 1845. Lakini jina halikubomoka, nalo ndilo litumikalo hata leo. Faida ya mahali hapo ilikuwa moja kubwa: mfereji wa maji uitwao Regent's Canal ulipita papo hapo. Mfereji huo ulikuwa umekwisha kufunguliwa mwaka wa 1820, na matishali yaliweza kuufuata hata Limehouse kwenye mto Thames. Reli ikakutana na maji, na palipokutana reli na maji ndipo lilipojengwa ghala.

Aliyelichora ni Lewis Cubitt, mtu wa ukoo wa wajenzi mashuhuri. Ndiye aliyechora pia stesheni ya abiria ya King's Cross iliyo karibu, na majengo hayo mawili yalimalizika mwaka mmoja, yaani 1852. Ghala lilikuwa na orofa sita, la matofali yasiyopakwa rangi, lisilo na pambo lo lote. Madirisha yake yalipangwa safu kwa safu kama askari gwarideni. Ndani, sakafu za mbao zilishikwa na nguzo za chuma cha kuyeyushwa. Yasemwa kwamba liliweza kuweka magunia 60,000. Nyuma yake yalinyoshwa mabanda mawili marefu sana, moja mashariki na moja magharibi, na kati yao palikuwa na uwanja uliofunikwa, ambapo mabehewa yaliunganishwa kuwa treni.

Sasa nisikilize nikueleze kazi ilivyofanyika, maana hapo ndipo penye utamu wa habari hii. Behewa lililojaa ngano lilipofika halikuweza kupinda kona kwa reli ya kawaida, kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu. Lilisukumwa juu ya sahani kubwa ya chuma iliyolazwa chini sawasawa na ardhi. Sahani ikazungushwa, na behewa likaelekezwa upande mwingine kabisa. Farasi ndio waliovuta. Behewa likaingia ndani ya ghala, na magunia yakapandishwa orofa za juu kwa mitambo iendeshwayo na maji yaliyobanwa kwa nguvu. Ufundi huo ulikuwa mpya kabisa: William Armstrong alisimamisha winchi yake ya kwanza ya namna hiyo katika mji wa Newcastle mwaka wa 1846 tu. Ngano ikilala juu hata mwokaji aitake, ikateremshwa, ama katika mkokoteni uliongoja mlangoni, ama katika tishali. Mbele ya jengo palichimbwa bandari ndogo iliyounganishwa na mfereji, na matishali yaliingia hata chini ya jengo lenyewe, yakapakiwa gizani.

Na farasi je? Hao walikuwa na mazizi yao chini ya majukwaa. Juu ya vichwa vyao magunia yalipita mchana na usiku. Wakipumzika, walipumzika katika kishindo.

Jina la Cubitt limo katika vitabu. Majina ya mahamali waliobeba magunia hayo hayamo, wala ya waongozaji wa farasi, wala ya vijana waliokimbia mbele ya mabehewa kuyafungua na kuyafunga, kazi iliyokuwa ikivunja viungo vya watu wengi katika reli zote za zama zile. Nalitaja jambo hili mapema, kwa sababu tutalirudia swali la ni nani aingiaye katika jengo hili na kwa mlango gani.

Miaka ya kuanguka kwa ghala sitakaa nayo sana. Kampuni ya Great Northern ilimezwa na kampuni kubwa zaidi mwaka wa 1923. Mwaka wa 1948 reli zote za Uingereza zikawa mali ya serikali. Bandari ndogo ilifukiwa. Farasi walikwenda zao. Malori yakaichukua mizigo, yakaipeleka moja kwa moja mlangoni mwa mteja, na uwanja wa King's Cross ukaanza kuota magugu. Katika miaka ya 1990 baadhi ya majengo ya jirani, yaliyokuwa ya makaa ya mawe, yalikuwa kumbi za dansi za usiku, na mtaa mzima ukawa na jina baya. Ghala lilinusurika kwa kuwa serikali ilikuwa imeliandika katika orodha ya majengo yasiyoruhusiwa kubomolewa.

Tuache hapo kwanza, twende upande wa pili wa hadithi, kwa maana chuo kilichohamia humo kilikuwa na umri karibu sawa na ghala lenyewe.

Mwaka wa 1854, miaka miwili baada ya ghala kumalizika, kasisi mmoja wa parokia ya St Martin katikati ya London, jina lake Henry Mackenzie, alianzisha shule ya kufundisha uchoraji. Shule hiyo baadaye iliachana na kanisa, ikasimama peke yake kwa jina la Saint Martin's. Kisha, mwaka wa 1896, mwaka ule ule ambao reli yetu ilianza kutandazwa kutoka Mombasa, Baraza la Kaunti ya London lilifungua shule nyingine iliyoitwa Central School of Arts and Crafts. Kiongozi wake, William Lethaby, alikuwa msanifu wa majengo mwenye fikira za pekee. Aliona kwamba sanaa haikai katika majumba ya picha tu, bali hukaa katika kitu cho chote kilichofanywa vema: kiti, jalada la kitabu, kikombe, herufi. Kwa hiyo walimu wake hakuwatafuta kwa wenye vyeti peke yake. Aliwatafuta katika karakana. Na wanafunzi aliowatazamia kwanza ni watu waliokwisha kuwa kazini, mafundi wa fedha, wafunga vitabu, wachora vioo, waliokuja jioni baada ya kazi za mchana wakiwa na mikono yenye madoa.

Chukua mfano mmoja. Mwaka wa 1899 Lethaby alimpa kazi ya kufundisha mwandiko kijana Edward Johnston, aliyekuwa ameacha masomo ya uganga. Johnston aliwafundisha wanafunzi kuchonga kalamu za mete na za manyoya, na kuandika herufi kama walivyoziandika wakopi wa zamani. Je, mafunzo hayo yalikuwa na faida gani katika zama za mashine za kupigia chapa? Mwaka wa 1916 herufi alizozichora Johnston zilianza kutumika katika reli za chini ya ardhi za London, na herufi zilizotokana na hizo ndizo zisomwazo na abiria wa mji ule hata sasa. Mtu aliyeanza kwa mete alifika kwenye vibao vya chuma.

Saint Martin's nayo ilijipatia sifa kwa njia nyingine, yaani mavazi. Katika miaka ya 1930 mwalimu mmoja, Muriel Pemberton, alikaza kwamba kubuni mavazi ni somo lipasalo kufundishwa kama uchoraji na uchongaji. Wakati huo wengi walidhani ni kazi ya mafundi cherehani na wanawake wenye kupitisha wakati. Mwaka wa 1989 shule hizo mbili ziliunganishwa, na jina likawa Central Saint Martins. Mwaka wa 2004 chuo hicho pamoja na ndugu zake kikawa sehemu ya chuo kikuu kiitwacho University of the Arts London.

Majengo yake lakini yalikuwa yametawanyika mjini, mengine yamechakaa. Wabunifu wa mavazi walibanana katika nyumba ya Charing Cross Road, na mafundi wengine walikuwa Southampton Row, katika nyumba iliyofunguliwa mwaka wa 1908. Mfumaji aliweza kumaliza miaka yake yote ya masomo bila kumwona mchongaji. Ndipo lilipokuja wazo la kuwakusanya wote pamoja. Reli mpya ya mwendo wa kasi kutoka Ufaransa ilikuwa imefika St Pancras, mkabala na King's Cross, mwaka wa 2007, na uwanja wa zamani wa mizigo, wenye ukubwa wa ekari 67, ulikuwa ukijengwa upya. Mwaka wa 2011 chuo kikahamia katika ghala la ngano.

Wasanifu waliopewa kazi hiyo, kampuni ya Stanton Williams, wangeweza kufanya kosa moja kati ya mawili: kulipamba ghala hata lisitambulikane, au kuliogopa hata lisitumike. Kwa maoni yangu waliyaepuka yote mawili. Matofali ya Cubitt waliyaacha wazi, pamoja na mikwaruzo yake. Ghala la mbele likawa uso wa chuo na nyumba ya maktaba, kwa hiyo sasa vitabu vimekaa palipokaa magunia. Nyuma yake, mahali treni zilipounganishwa, walijenga majengo mapya ya karakana na madarasa, na katikati yake wakaacha njia ndefu kama mtaa wa mji, yenye paa lipitishalo nuru. Njia hiyo haina somo maalumu. Leo yaweza kuwa uwanja wa maonyesho ya mavazi, kesho picha zimetundikwa, kesho kutwa wanafunzi wanakula chakula huku wakitazamana. Madaraja yapita juu yake kutoka upande huu hata upande wa pili. Mazizi ya farasi, yale ya chini ya jukwaa, yamewekwa baiskeli.

Bandari ndogo haikufukuliwa. Juu yake ulitengenezwa uwanja wa mawe, uliofunguliwa mwaka wa 2012, wenye chemchemi zaidi ya 1,000 zirukazo kutoka ardhini, na siku za jua watoto wa mtaa huja kulowa humo. Ukitazama chini utaona alama za reli na zile sahani za chuma zilizokuwa zikizungusha mabehewa.

Labda utauliza: fundi wa mavazi na mchoraji wa kompyuta wana undugu gani hata wakae nyumba moja? Undugu wao ni wa damu. Mwaka wa 1804 Mfaransa Joseph-Marie Jacquard, mtu wa mji wa Lyon, alikamilisha mtambo wa kufumia hariri ulioongozwa na kadi zenye matundu. Palipo na tundu, uzi uliinuliwa; pasipo na tundu, uzi ulibaki chini. Ua lo lote, hata likiwa na majani elfu, liliandikwa kwa namna hiyo ya ndiyo na siyo. Mwaka wa 1839 ilifumwa picha ya Jacquard mwenyewe kwa hariri, na kadi zilizotumika zilikuwa kama 24,000. Mwingereza Charles Babbage alijipatia nakala ya picha hiyo. Babbage alikuwa akibuni mashine ya kufanya hesabu, akaziazima kadi za mfumaji ziwe ndizo zitakazoiamuru. Mashine yake hakuimaliza kabla ya kufa mwaka wa 1871, lakini wazo lake halikufa. Kompyuta uionayo leo huandika kila kitu, picha, sauti na hesabu, kwa ndiyo na siyo, vile vile kama nyuzi zilizoinuka na nyuzi zilizolala. Hivyo kijana aketiye kwenye mtambo wa kufumia na mwenzake achoraye kwenye kioo cha kompyuta ni wajukuu wa babu mmoja, na si ajabu kwamba hupita daraja kuazimana maarifa.

Mabadiliko ya namna hii si ya Ulaya peke yake. Katika Nairobi, mwaka wa 2003, ghala moja la eneo la viwanda, lililokuwa mahali pa kutengenezea magari, liligeuzwa makao ya wachoraji, wachezaji na wanamuziki. Wenyewe waliliita GoDown, kwa jina lile lile la ghala litumiwalo na wafanya biashara wetu. Majengo ya kazi yana tabia hii njema: kuta zake ni imara, nafasi yake ni pana, na hayaoni haya kumwagiwa rangi.

Lakini, msomaji, nisikuonyeshe upande wa jua tu. Wako waliosikitika chuo kilipotoka Charing Cross Road. Walisema kwamba katika nyumba ile mbovu mwanafunzi alitoka mlangoni akaingia moja kwa moja katika mitaa yenye maduka ya vitambaa, vilabu vya muziki na watu wa kila aina, na kwamba sanaa humea vizuri zaidi penye uchafu kidogo. Sina hakika na hoja hiyo. Dari linalovuja halijapata kumfundisha mtu kukata koti. Hoja iliyo na uzito ni nyingine.

Chuo kilikuwa miongoni mwa wapangaji wa kwanza wa uwanja ule uliokuwa na jina baya. Maelfu ya vijana wenye mavazi ya kushangaza waliingia, na nyuma yao wakaja wenye mikahawa, na nyuma ya hao wakaja wenye fedha. Kampuni ya Google ilinunua kiwanja hapo mwaka wa 2013. Majengo ya makaa ya mawe, yale yaliyokuwa kumbi za dansi, yalifunguliwa mwaka wa 2018 kuwa maduka ya vitu vya thamani. Nyumba zikapanda kodi. Kijana aliyesaidia kwa ujana wake kuufanya mtaa upendeke hawezi kwa kawaida kupanga chumba ndani yake akiisha kuhitimu.

Na karo nayo? Lethaby aliwatazamia mafundi wa jioni. Vijana wa Kiingereza walioingia vyuo vikuu kabla ya mwaka wa 1998 kwa shahada ya kwanza hawakulipa karo. Mwaka wa 2012 vyuo viliruhusiwa kutoza hata pauni 9,000 kwa mwaka, na wageni kutoka nchi za mbali hutozwa zaidi sana. Angalia habari za Alexander McQueen. Baba yake alikuwa dereva wa teksi katika London. Yeye aliacha shule akiwa na miaka 16, akajifunza ushonaji wa suti kwa mafundi wa Savile Row, kisha akaenda Saint Martin's kuomba kazi ya kufundisha ukataji wa vitambaa. Kazi hakuipata, lakini walipoona michoro yake walimpa nafasi ya kusoma, na mmoja wa jamaa zake akamlipia. Alihitimu mwaka wa 1992, na mavazi yake yote ya mtihani yalinunuliwa na bibi mmoja mwandishi wa magazeti ya mitindo. Alipofariki mwaka wa 2010, jina lake lilikuwa limejulikana dunia nzima. Kijana kama huyo akija leo na mkasi wake katika mlango wa ghala, fundi asiye na vyeti wala fedha, je, ataingia?

McQueen mwenyewe yaelekea aliliwaza swali hilo, kwa maana alianzisha mfuko uitwao Sarabande wa kuwasaidia wabunifu chipukizi, na miongoni mwa wanaofaidika wamo wanafunzi wa chuo chake cha zamani. Wengine wachache hupata misaada kama hiyo. Waliobaki hukopa, au hukaa kwao.

Mwaka wa 2023 ndugu ya chuo hiki, London College of Fashion, naye alipata nyumba mpya Stratford, mashariki ya mji, karibu na uwanja wa michezo ya Olimpiki. Asili yake ni shule za ufundi zilizofunguliwa tangu mwaka wa 1906 ili mabinti wa mitaa maskini wapate kujifunza kushona na kujipatia riziki. Mitaa kadhaa iliyo karibu na nyumba hiyo ni ya watu wa kipato kidogo hata leo. Mtu atakayeandika historia yake baada ya miaka hamsini itampasa ahesabu wangapi wa mabinti wa mitaa hiyo waliovuka barabara wakaingia.